Maoni 27 na kasoro moja iliyopita katikati yake: uchambuzi wa mapitio ya msimbo wa Python

Kisa hiki kinahusu klasi moja (kiolezo cha kuundia vitu vya aina moja) ya lugha ya programu ya Python, yenye mistari isiyozidi 60, iliyoandikwa na kijana aliyekuwa katika mwezi wake wa tatu kazini, lakini kinahusu zaidi maoni niliyomwandikia mimi nikiwa mpitiaji wa msimbo wake, yaani mtu anayeukagua kabla haujapokelewa. Klasi hiyo ilikuwa moyo wa programu ya kutunza hesabu za kikundi kimoja cha kuweka na kukopa mjini Morogoro. Wanachama wa kikundi hukutana kila Jumamosi, hununua hisa, huchangia mfuko wa jamii, hulipa faini za kuchelewa na hukopeshana. Fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti ili asiwepo mmoja awezaye kulifungua peke yake. Hadi wakati huo hesabu zote zilikuwa katika daftari la mweka hazina, na programu ilikusudiwa kulisaidia daftari hilo kwa miezi kadhaa kabla ya mtu yeyote kufikiria kuliweka kando.

Sehemu ya klasi hiyo ilinifikia ikiwa hivi:

```
class mwanaChama:
    def __init__(self, Jina, simu, michango=[]):
        self.Jina = Jina
        self.simu=simu
        self.michango  = michango

    def wekaMchango(self,kiasi):
        self.michango.append(kiasi)

    def getJumla(self):
        j = 0
        for i in range(len(self.michango)):
            j = j + self.michango[i]
        return j
```

Chini yake ilifuata klasi ya pili, iliyorithi ya kwanza, yaani iliyochukua data na uwezo wake wote:

```
class Mkopo(mwanaChama):
    def toaMkopo(self):
        kiasi = float(input("Kiasi: "))
        if kiasi <= self.getJumla()*3:
            self.michango.append(-kiasi)
```

Msomaji aliyekaa na Python kwa muda huenda ameshaiona kasoro iliyomo katika mstari wa pili wa klasi ya kwanza. Mimi sikuiona, na ninataka kueleza kwa uangalifu kwa nini sikuiona, kwa sababu sababu yenyewe haikuwa uchovu wala haraka. Nilikaa na msimbo huo karibu saa mbili. Niliandika maoni 27, na kila moja kati ya hayo, likitazamwa peke yake, lilikuwa sahihi.

Nilisema kwamba jina la klasi lianze kwa herufi kubwa na kwamba „mwanachama” ni neno moja, hivyo herufi kubwa ya katikati haina kazi. Nilisema majina ya methodi (fanksheni zilizo ndani ya klasi) yaandikwe kwa herufi ndogo na vistari vya chini. Nilisema kigeu hakipaswi kuitwa `Jina` kwa herufi kubwa, kwamba kuwe na nafasi moja kila upande wa alama ya sawa, kwamba baada ya mkato iachwe nafasi, kwamba mstari fulani ulikuwa na herufi 94 ilhali mwongozo wa mtindo wa Python unataka 79, na kwamba kati ya klasi na klasi iachwe mistari miwili mitupu. Nilisema kwamba kupita juu ya orodha kwa kutumia `range(len(...))` ni kuzunguka mbuyu, kwani `sum` ingetosha. Katika oni la 19, katikati ya nafasi tupu na mikato, niliandika sentensi moja kuhusu klasi ya pili: „Urithi hapa si sahihi, angalia tena.” Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yangu pekee iliyogusa muundo wa klasi.

Jibu lilikuja kabla ya saa kuisha. „Shikamoo kaka. Nimerekebisha yote 27. Asante sana.” Nilifungua msimbo, nikaona nafasi zimekaa sawa na majina yamebadilika, na kuhusu oni la 19 nikaona kwamba `class Mkopo(mwanaChama)` sasa ilikuwa `class Mkopo(Mwanachama)`. Kijana alikuwa ameangalia tena, kama nilivyomwambia, na kitu pekee alichoweza kukiona kwenye mstari ule baada ya maoni 18 ya tahajia kilikuwa tahajia. Niliidhinisha, na msimbo ukaingia kwenye tawi kuu, yaani toleo rasmi la programu.

Hisa tano zilizogeuka 15

Jumamosi ya kwanza ya majaribio walijiunga wanachama wapya watatu. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000, na kila mmoja wao alinunua hisa tano, yaani shilingi 10,000. Mweka hazina, mama mtu mzima aliyelishika daftari lile miaka mingi, aliandika kwa kalamu huku kijana akiingiza takwimu zile zile kwenye kompyuta, kisha wakalinganisha. Kwa wanachama wa zamani kila kitu kililingana. Alipofika kwa wapya, mama aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, akakirudisha kwenye daftari, akauliza: „Huyu amenunua hisa tano mbele ya macho yangu. Mbona kwako ana 15?” Waliangalia wa pili, naye ana 15. Wa tatu, 15. Kwa kuwa katiba ya kikundi iliruhusu mtu kukopa hadi mara tatu ya hisa zake, programu ilikuwa tayari kumpa kila mgeni mkopo wa shilingi 90,000 wakati stahili yake ilikuwa 30,000. Fedha haikutoka, kwa sababu daftari lilikuwepo na mama yule alikuwepo.

Chanzo ni jambo linalofahamika sana kwa wanaoitumia Python, na ninalieleza kwa urefu kwa sababu bila kulielewa mtu hawezi kuandika oni lenye manufaa juu yake. Thamani chaguo-msingi ya parameta (inayotumika pale mtu asipotoa nyingine) haiundwi kila methodi inapoitwa. Python huiunda mara moja tu, pale inapotekeleza mstari wa `def`, kisha huihifadhi pamoja na fanksheni yenyewe. Kwa namba au maandishi jambo hilo halina madhara, kwa kuwa vitu hivyo havibadiliki baada ya kuundwa. Orodha hubadilika. Hivyo `michango=[]`, iliyo katika `__init__` (methodi inayomuunda kila mwanachama), iliunda orodha moja, na kila mwanachama aliyeundwa bila kupewa orodha yake alikabidhiwa hiyo hiyo. Wanachama wapya watatu walikuwa wakitumbukiza fedha katika kibubu kimoja, kila mmoja akiamini ni chake. Wale wa zamani walisalimika kwa sababu walisomwa kutoka kwenye faili pamoja na orodha za michango yao ya nyuma. Kijana alikuwa ameandika jaribio, yaani msimbo mfupi wa kukagua msimbo wenyewe, na jaribio lake lilipita, kwa kuwa lilikuwa na mwanachama mmoja tu. Kibubu cha pamoja chenye mtumiaji mmoja hakina tofauti na kibubu binafsi.

Kwa nini maoni sahihi yalishindwa

Nilipoyasoma upya maoni yangu 27 usiku ule, niliona mambo mawili ambayo sikuwahi kuyafikiria pamoja.

La kwanza linatokana na zana tunazotumia. Guido van Rossum, aliyeianzisha Python na kuitoa hadharani mwaka 1991, alipojiunga na Google alitengeneza huko programu ya wavuti ya kupitia msimbo iitwayo Mondrian, akaionyesha hadharani mwaka 2006, na miaka miwili baadaye akatoa nyingine iliyo wazi kwa kila mtu, Rietveld. Umbo la programu za aina hiyo limeenea kila mahali: msimbo wa zamani na mpya huonekana, na mpitiaji hubofya mstari na kuandika oni lake papo hapo. Ni umbo zuri, na nisingependa kurudi katika zama za kutumiana barua zisizojua mstari upi unazungumziwa. Hata hivyo linamvuta mpitiaji aone mistari tu. Nafasi iliyokosekana ina mstari wake, jina baya lina mstari wake, lakini swali la kwamba mkopo unamrithi mwanachama, kisha unabadilisha orodha ya mwanachama huyo, kisha unamwuliza mtu swali kwenye kioo, halina mstari mmoja wa kubofya. Limeenea kwenye faili nzima, nalo humtaka mpitiaji asimame mbali kidogo kabla hajaanza kuandika lolote. Mimi nilianza mstari wa kwanza na kuteremka.

La pili linatokana na sisi wenyewe, na ndilo ninaloliona kubwa zaidi. Kijana alinianza kwa shikamoo. Mimi ni kaka yake kazini, kwa umri na kwa miaka ya kazi, na katika malezi yetu neno la mkubwa halipokelewi kama pendekezo linaloweza kupimwa. Miongozo mingi ya mapitio ya msimbo iliyoandikwa ng’ambo hushauri mpitiaji alainishe maneno, aseme „labda” na „unaonaje”, kwa kudhani kwamba mpokeaji akiambiwa hivyo atajua ana hiari. Kwa mtu aliyelelewa kuheshimu wakubwa, „labda ungebadilisha” kutoka kwa kaka ni amri iliyosemwa kwa adabu. Kwa hiyo maoni yangu 27 yalikuwa amri 27 zenye uzito ule ule. Oni la mkato na oni la urithi vilipokelewa kwa utii mmoja, na utii huo ulijibiwa kwa kasi, kwa kuwa kutekeleza haraka ni sehemu ya heshima. Hakuna hata mara moja aliyouliza „kwa nini”. Nilichukua ukimya huo kuwa dalili ya kuelewa, ilhali ulikuwa dalili ya malezi mema, na lilikuwa jukumu langu mimi mkubwa kujua tofauti hiyo.

Mapitio ya pili

Nilimwita, nikamwambia kwamba kasoro ile ilipita mikononi mwangu na kwamba niliyeidhinisha ni mimi, kisha nikamwomba tuipitie klasi upya kana kwamba haijawahi kupitiwa. Tuliondoa kwanza mtindo kwenye mazungumzo ya watu. Mwongozo wa mtindo wa Python, PEP 8, ulioandikwa mwaka 2001 na van Rossum pamoja na Barry Warsaw na baadaye kuongezewa nguvu na Alyssa Coghlan, una kanuni nyingi ambazo mashine inaweza kuzisimamia bila kuchoka na bila kumwaibisha mtu. Tuliweka Black, inayopanga nafasi na mistari yenyewe, tukakubali upana wake wa herufi 88 badala ya kubishania 79. Tukaweka pia Ruff, zana ya kukagua makosa katika msimbo, tukaiwasha kanuni B006, ambayo kazi yake ni kukamata orodha inayowekwa kuwa thamani chaguo-msingi. Zana hiyo ingeiona ndani ya sekunde moja kasoro niliyoikosa kwa saa mbili, na hilo peke yake lilitosha kunionyesha kwamba muda wangu nilikuwa nimeutumia mahali pasipo pake.

Kuna sehemu ya mtindo ambayo mashine haiwezi kuibeba, nayo ni majina. Mashine hujua kwamba `wekaMchango` inapaswa kuwa `weka_mchango`, lakini haijui kwamba `getJumla` imechanganya lugha mbili katika neno moja, wala kwamba kigeu `j` kingeitwa `jumla` kingejieleza chenyewe. PEP 8 huwasihi waandishi wa nchi zisizozungumza Kiingereza waandike maelezo yao kwa Kiingereza, isipokuwa kama wana uhakika wa asilimia 120 kwamba msimbo hautasomwa na asiyejua lugha yao. Tulilijadili sharti hilo kwa uzito. Wasomaji wa msimbo huu ni sisi na watakaotufuata katika kuwahudumia vikundi vya hapa, na maneno kama hisa, mfuko wa jamii na faini yana maana maalumu ndani ya kikundi ambayo hupotea kidogo yakitafsiriwa. Tukaamua majina ya mambo ya kikundi yabaki Kiswahili kote, methodi zinazotenda zianze kwa kitenzi na zinazojibu swali ziwe nomino. Kiswahili hakina shida na kanuni za Python za majina, ila kwa ng’: ritifaa haikubaliki ndani ya jina la kigeu, kwa hiyo atakayeandika programu ya wafugaji itambidi ang’ang’ane na `ngombe`.

Baada ya hapo ndipo nikaandika maoni mapya. Yalikuwa manne tu, na kila moja lilianza na neno moja la kulipima uzito: „Lazima”, „Swali” au „Pendekezo”. Tulikubaliana maana zake kabla sijaandika. Lazima ni kosa ambalo msimbo hauingii nalo. Swali ni jambo ambalo mimi mwenyewe sijalijua na ninataka jibu, hata kama jibu litanipinga. Pendekezo linaweza kukataliwa kwa sababu yoyote inayoelezeka, na nilimwambia wazi kwamba ningependa kuona japo moja likikataliwa.

Oni la kwanza lilisomeka hivi: „Lazima. Mstari wa 2. Orodha iliyo ndani ya mabano ya `__init__` huundwa mara moja tu, Python inapoutekeleza mstari wa `def`, kwa hiyo wanachama wote wasiopewa orodha yao huitumia hiyo moja. Unda wanachama wawili bila michango, mwekee wa kwanza 10,000, kisha chapisha jumla ya wa pili. Liandike hilo kuwa jaribio kwanza, ulione likishindwa, ndipo urekebishe.” Ninalinukuu lote kwa sababu nililipima neno kwa neno. Linasema mahali, linasema utaratibu unaosababisha kosa, na linampa mwandishi njia ya kuliona kosa kwa macho yake bila kuniamini mimi. Nilikuwa nimezoea kuandika „hii si Python nzuri”, sentensi ambayo humtaka mtu akubali hukumu ya mkubwa bila ushahidi, na akishaikubali hana alichojifunza cha kukitumia kwenye faili inayofuata.

Oni la pili lilikuwa lile la urithi, na mara hii niliuliza: „Swali. Soma `class Mkopo(Mwanachama)` kwa sauti, utapata ‘mkopo ni mwanachama’. Katika kikundi, mkopo ni mwanachama au ni wa mwanachama? Na mtu akiwa na mikopo miwili, programu itamhesabu kuwa watu wangapi?” Kiswahili kinatusaidia sana katika jambo hili. Palipo na „ni”, urithi unaweza kufaa: mwenyekiti ni mwanachama, mweka hazina ni mwanachama. Palipo na „wa” au „ana”, kinachotakiwa ni kitu kimoja kukishika kingine, na urithi hauna nafasi. Kijana alijibu baada ya muda mrefu kuliko kawaida yake: „Ni wa mwanachama kaka. Na mtu mmoja mwenye mikopo miwili atakuwa watu watatu.” Alikuwa amerithi kwa sababu alihitaji jina, simu na jumla ya mtu, na urithi ulikuwa njia pekee aliyofundishwa ya kuvipata. Maelezo hayo nisingeyapata kamwe kwa kumwambia kwamba urithi si sahihi.

Kutokana na jibu lake likafuata la tatu, ambalo kwangu ndilo kiini cha muundo wa klasi hii. Klasi ya mkopo ilikuwa ikiingiza mkono moja kwa moja katika orodha ya michango na kuandika namba hasi, kana kwamba mtu aliyekopa ameuza hisa zake. Mwisho wa mwaka, kikundi kinapogawana faida kwa hisa, mkopaji angeonekana na hisa pungufu kwa sababu tu alikopa. Nilimkumbusha sanduku. Hakuna mwanachama anayejichukulia fedha sandukuni kwa kuwa tu sanduku liko chumbani. Kuna utaratibu, kuna mashahidi, kuna funguo tatu. Orodha ya michango ilistahili ulinzi wa namna hiyo: methodi moja ya kuingizia, inayokagua kabla ya kupokea, na hakuna njia nyingine. Python haina kufuli ya kweli kwa jambo hili. Ina desturi ya kistari cha chini mwanzoni mwa jina, inayomwambia msomaji kwamba kilicho hapa ni cha ndani, na anayekigusa anajua amekiuka. Ni kufuli ya heshima, na kwa watu waliokubaliana inatosha. Katika oni hilo hilo nilimwomba aondoe `input` ndani ya klasi, kwa sababu klasi inayozungumza na kioo haiwezi kujaribiwa bila mtu kukaa kwenye kibodi, na aache `float` (namba za desimali) kwenye fedha. Katika Python 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004, na kikundi kinachohesabu shilingi nzima hakina sababu ya kuingia katika desimali za namna hiyo. Namba kamili zinatosha, na pale mgawanyo wa faida unapobakiza salio, katiba yao tayari inasema salio liende mfuko wa jamii.

Siku mbili baadaye klasi ilirudi ikiwa hivi:

```
BEI_YA_HISA = 2000


class Mwanachama:
    def __init__(self, jina, simu, michango=None):
        self.jina = jina
        self.simu = simu
        self._michango = list(michango or [])

    def weka_mchango(self, kiasi):
        if kiasi <= 0 or kiasi % BEI_YA_HISA:
            raise ValueError("Mchango uwe wa hisa kamili")
        self._michango.append(kiasi)

    @property
    def jumla(self):
        return sum(self._michango)

    @property
    def kikomo_cha_mkopo(self):
        return 3 * self.jumla
```

Klasi ya `Mkopo` sasa ilimpokea mwanachama kama kitu inachokishika, ikakiuliza kikomo chake, na kutunza kiasi cha mkopo na marejesho katika kumbukumbu zake yenyewe. Nilipoiona `list(michango or [])` nilimwuliza kwa nini hakuandika `michango or []` peke yake, ambayo ingetosha kuondoa kosa la kibubu cha pamoja. Alieleza kwamba alitaka nakala, kwa sababu anayemuunda mwanachama kutoka kwenye faili angeweza kuendelea kuishika orodha aliyoipitisha na kuibadilisha baadaye, na hapo ukaguzi wa `weka_mchango` ungepitwa kwa mlango wa nyuma. Hilo sikuwa nimeliandika popote katika maoni yangu.

Lilibaki oni la nne, lenye alama ya „Pendekezo”. Nilikuwa nimemshauri atumie `dataclass`, njia fupi ya kuandika klasi za kutunza data, iliyoingia katika Python toleo la 3.7 mwaka 2018, kwa kuwa hupunguza uandishi wa `__init__` na pia hukataa kwa kosa la `ValueError` mtu anapojaribu kuweka orodha tupu kuwa thamani chaguo-msingi. Niliona kwamba muundo unaokataa kosa lenyewe ni bora kuliko kumtegemea mpitiaji. Jibu lake lilikuwa refu kuliko yote aliyowahi kuniandikia. „Shikamoo kaka. Hili naomba nisilifanye. Nimelijaribu, na kwa kuwa orodha yetu inaitwa `_michango`, jina hilo hilo linatokea kwenye mabano ya kumuundia mwanachama, kwa hiyo tunamlazimisha anayesoma faili aguse kitu tulichomwambia asikiguse. Ninaweza kulizuia kwa kuiondoa kwenye mabano, lakini hapo nitahitaji methodi nyingine ya kupakia michango ya zamani, na klasi itakuwa ndefu kuliko ilivyo sasa. B006 inatulinda tayari.”

Nililisoma mara mbili, nikajaribu mwenyewe, nikaona kwamba ni kweli. Niliandika „Marahaba. Umenishawishi, pendekezo nimeliondoa,” nikaidhinisha. Jumamosi iliyofuata aliingia mwanachama mmoja mpya, akanunua hisa tatu, na mama mweka hazina aliweka kidole kwenye kioo, akakirudisha kwenye daftari, akageuza ukurasa.